Mwili Usionekane

Saa nne asubuhi takwimu za jana usiku zinashuka,
na kabla chai haijapoa kwenye bilauri
nimekwisha kujua ni nani atakufa.

Cevdet mtayarishaji halipendi neno hilo.
"Tunamtoa Ferhan," ananiambia kwenye simu,
kwa sauti ya mtu anayetoa kochi sebuleni.
Watazamaji wamepungua wiki tatu mfululizo.
Basi: gari, mlima, mvua, breki.
Kipindi cha thelathini na moja.

Mama yangu huniita dalali. Sikatai.
Wenzangu Istanbul huuza viwanja, mimi nauza nyuso,
nusu ya siku nikibembeleza, nusu nikitisha,
na kila uso unaponunuliwa nakata fungu la kumi.
Miaka kumi na tisa ghorofa ya tatu hapa Şişli,
juu ya duka la vifungo na zipu,
ambako lifti hufanya kazi ikimpenda mtu.

Nikamuuliza Cevdet: mwili utaonekana?
Akanyamaza. Anajua ninakoelekea.
Maana maiti iliyozikwa haina mkataba,
lakini aliyepotea bondeni, aliyezolewa na mto,
huyo anaweza kubisha hodi siku ya harusi ya mkewe
msimu ujao, ana kovu, amesahau jina lake,
na bei yake imepanda.

Tukagombea maiti dakika arobaini.
Yeye alitaka mazishi: kilio huvuta watu,
mjane ndani ya nguo nyeusi, jeneza, mvua ya kukodi.
Nikamwambia matanga huliwa mara moja.
Nikampa gari. Nikampa koti lenye damu.
Akadai mkono; mkono nikaukataa.
Tukaangukia kwenye kiatu.
Kiatu kimoja, ukingoni mwa maji, mbwa akikinusa.
"Na mbwa nani atamlipa?" akafoka,
nikajua nimeshinda.

Iliyobaki ndiyo kazi isiyoandikwa kwenye mkataba.

Ferhan alikuwa dukani akichagua vigae vya bafu.
Nyuma yake nilimsikia muuzaji akitaja bei kwa mita,
na yeye, kwa furaha: "Dada Nurhayat, vya buluu au vyeupe?"
Nikasema vyeupe. Vyeupe ni rahisi.
Kisha nikamwambia.

Kuna kimya ninachokijua kwa uzito,
kama muuza nyama ajuavyo kilo bila mizani.
Hiki kilizidi nilivyokadiria.
Nilimtoa Kayseri akikata tiketi
mlangoni mwa ukumbi wa michezo ya watoto.
Nilimlipia meno mawili ya mbele,
nikayakata kwenye malipo yake, meno kwa awamu.
Nilimfundisha asiseme asante kabla ya kusikia bei,
asile mbele ya waandishi,
asimpende anayempenda kwenye kamera.
Hili sikumfundisha.

Mwishowe akauliza: "Kiatu gani?
Cha kushoto au cha kulia?"
Nikasema sijui.
"Ulizia. Cha kushoto soli imeachia.
Wasije wakanionyesha soli."

Nikaandika nyuma ya bahasha: kushoto, hapana.
Nikampigia Cevdet. Hakupokea.
Nikapiga tena, na tena, mpaka akapokea mkewe,
nikamweleza mkewe habari ya soli,
naye akaandika, bila kucheka, Mungu ambariki.

Kipindi kilirushwa Jumanne.
Mamake Ferhan alitazama akiwa Kayseri,
amemshika mkono huyo huyo mwanawe aliyekufa,
akalia mpaka majirani wakaja.
Ijumaa hela ziliingia. Nilikata changu,
nikamlipa fundi wa kipasha joto, tuna deni naye tangu baridi ya mwaka juzi.
Vigae alinunua vya buluu.

Kiatu kilikuwa cha kulia.
Na mbwa yule aliigiza vizuri, alikinusa,
akainua kichwa, akatazama mto
kama aliyepewa jibu.
Nimeulizia kama ana wakala.